Herufi za Mizinga

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimepanga kurasa za vijitabu vinne vya mazishi kabla ya saa sita mchana. Vyote kwa fonti ile ile, umbo lile lile la herufi la siku zote, vyote na picha ya marehemu katikati ya mawingu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika duka la Carol la uchapishaji, hapa Meru mjini, ghorofa ya kwanza juu ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo. Nimechoka na ile fonti kuliko nilivyochoka na vifo vyenyewe.

Nimenunua daftari hili ili niandike habari za fonti yangu mwenyewe. Nimeianza, na najua tabia yangu: nisipoandika nitaiacha.

Chanzo ni kitabu. Kinaitwa Asali ya Mwaka wa Njaa, kurasa mia moja na kumi na mbili. Nilikisoma kidato cha pili, na kidato cha tatu nikakiiba maktaba ya shule. Mhuri bado umo ndani. Kinamhusu Ciarunji, mjane wa upande wa Mbeere anayerithi mizinga ya nyuki ya mumewe wakati mwanamke haruhusiwi hata kushika ngazi ya kupandia mtini. Anajifunza kuchoma alama kwenye mizinga kwa chuma cha moto, ili kila mtu ajue ni yake. Mimi ni mtoto wa Kibirichia, sisi ni watu wa viazi. Mzinga wa gogo sijauona popote ila kwenye kitabu hicho.

Agosti alikuja dukani mama mmoja, Lydiah, kutoka Siakago, huko huko Mbeere. Alikuwa amemleta babake kwa daktari wa macho na akataka kuchapisha programu ya ukumbusho wa mamake. Katika majina ya familia nikaona: Mwalimu Ngari. Nikamuuliza kama ndiye yule aliyekiandika kitabu hicho. Lydiah alinitazama kana kwamba nimemtaja mtu aliyefufuka. Nakala zote za nyumbani kwao zililiwa na mchwa. Mzee ana miaka sabini na tisa, presha ya macho imeshachukua jicho la kushoto, na daktari amesema la kulia labda lifike Krismasi. Kitu anachotaka ni kukisoma kitabu chake mwenyewe mara moja tena.

Nikasema nitakipanga upya kwa herufi atakazoweza kuziona. Mdomo wangu huu ungekuwa na mlango ningeufunga kwa kufuli.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua bado. Vijitabu sita.

Jumamosi, 7 Oktoba

Carol ameniruhusu kutumia kompyuta saa ya chakula na Jumamosi baada ya wateja. Alisema, "Lakini kazi ya customer kwanza, Nkirote. Wafu hawangoji." Nilimwambia wafu ndio wanaongoja kuliko watu wote. Hakucheka.

Niandike ninachofanya, maana mgongo unaniuma na nataka ujue unaumia nini. Kitabuni mwalimu ameeleza kila alama ya mizinga kama mtu anayeeleza sura ya ndugu yake. Anasema chuma kikigusa mti mara ya kwanza huunguza zaidi, na kikiondoka huunguza tena, kwa hiyo kila mstari huwa mnene kwenye ncha zake na mwembamba katikati. Nikasema basi, herufi zangu zote zitakuwa hivyo. Zitakuwa pana na zenye matumbo wazi, ili jicho bovu lipate pa kuingilia.

Ninayoipenda zaidi ni M. Nimeichukua moja kwa moja kutoka sura ya tano, alama ya mizinga ya Ciarunji: miti miwili iliyosimama, katikati mstari uliolegea kama kamba ya nguo, na nukta kando ya mguu wa kulia. Kuichora tu kumenichukua siku tatu. Karatasi ya kwanza ya majaribio nimeituma Siakago.

Alhamisi, 12 Oktoba

Lydiah amepiga simu. Mwalimu ameshindwa kutofautisha e na c. Hiyo a anadhani ni o iliyokanyagwa. "Lakini hiyo M," Lydiah akasema, "hiyo ameiona hata bila miwani. Ameifuata kwa kidole, halafu akasema hiyo iache."

Nimeibomoa e na kuanza upya.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua imekuja. Redio inasema ni El Nino, ya kupita kiasi. Vijitabu vitano.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nilipanda Kibirichia kumsaidia Mama kuvuna viazi kabla havijaoza ardhini. Tulifanya kazi kwa matope hadi magotini. Aliniuliza ninafanya nini na Jumamosi zangu siku hizi, nikamwonyesha karatasi.

"Hizi herufi zinalika?"

"Hapana, Mama."

"Basi inua hilo gunia."

Nilisikia vibaya, nisijidanganye. Nina miaka thelathini na mitano, na kitu pekee nilichowahi kukitengeneza mwenyewe ni karatasi yenye herufi kumi na tisa. Kesho nitahifadhi kazi yote kwenye flashi, isije stima ikanifanyia ya punda.

Ijumaa, 27 Oktoba

Lydiah tena. Sasa e anaiona. a pia. Ila karatasi anaishika karibu zaidi, siku hizi ncha ya pua inagusa wino. Nikamuuliza kama bado anapata usingizi. Akasema, "Baba? Anaamka anauliza umefika herufi gani."

Mwalimu mwenyewe akachukua simu, mara ya kwanza tumeongea. Nikaungama kwamba kitabu nilikiiba.

"Kitabu changu kiliibwa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Maktabani, au kwa mtu?"

"Maktabani."

"Asante sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Ijumaa, 3 Novemba

Herufi zote kubwa zimekamilika. Sikuwa nimechoka leo.

Jumatatu, 6 Novemba

Amekuja mteja anaitwa Gachoki, mtu wa huko huko upande wa Siakago, anafanya biashara hapa mjini. Babake, Mzee Mbogo, amefariki na anazikwa Ijumaa. Alitazama sampuli zetu za ukutani, akasema, "Hizi zote ni sawa. Babangu hakuwa sawa na watu wengine. Hamna kitu different?"

Nikamwonyesha fonti yangu. Nilijiambia ni ya watu wa kwao, atapenda. Akapenda. Carol alishtuka kwamba mteja amefurahi, akasema niendelee. Jalada limetoka zuri mno: MAREHEMU MZEE MBOGO, herufi kubwa, M zote nne zimesimama kama walinda mlango. Tumechapa nakala mia tatu.

Nimeenda nyumbani kwa miguu kwenye mvua na sikuisikia.

Jumamosi, 11 Novemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa nne asubuhi Gachoki ameingia dukani na sanduku la vijitabu, vimeloa, vingine vimekanyagwa. Akaliweka mezani kwa Carol. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Nani alichora hii?" Kidole chake kilikuwa juu ya M.

"Ni mimi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Kibirichia."

"Afadhali. Ungekuwa wa kwetu ningesema umetumwa."

Akatueleza, na Carol amesimama hapo na miwani kichwani. Ile alama si ya kutungwa. Ni ya mizinga ya mzee mmoja kwao, Muchangi, na ya babake, na ya babu yake. Kila mwanamume wa umri fulani pale Siakago anaijua kama anavyojua jina lake. Na miaka thelathini iliyopita huyo Muchangi alimshutumu Mzee Mbogo kwamba amevuna asali ya mzinga wake. Kesi haikuisha. Mbogo alizeeka akiitwa mwizi wa mizinga, watoto wake wakaitwa hivyo shuleni, na juzi akafa.

"Halafu jana," Gachoki akasema, "wazee wanafungua programu ya mazishi, wanamkuta babangu amepigwa alama ya Muchangi. Mara nne. Kwa jina lake. Unajua tunapiga alama kitu gani? Mali yetu. Kitu kilichoibwa kikapatikana."

Nikauliza kama Muchangi alikuwepo.

"Alikuwa kiti cha tatu. Aliangalia jalada, akasimama, akatoka kabla ya mahubiri. Kanisa zima likasema, ona, hata yeye ameona ni kupita kiasi. Tumezika bila programu. Dada zangu walizunguka wanaziokota kwa matope."

Nilisema pole, na pole ilikuwa ndogo sana mle ndani.

Carol akageuka kwangu. "Futa."

"Carol—"

"Futa hiyo kitu, sasa hivi, customer akiona."

Nikafuta. Folda nzima. Gachoki alitazama kioo hadi ikaisha, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakulichukua sanduku.

Flashi yangu ina kazi ya tarehe ishirini na moja Oktoba. Wiki tatu zimepotea, na jicho la Mwalimu halina wiki tatu za kunikopesha. Lakini sicho kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba niliichora ile alama siku tatu, nikaipenda, na hata siku moja sikuuliza ni ya nani. Kwetu gunia la viazi linaandikwa jina la mnunuzi kwa makaa na kesho linaoshwa. Nilidhani alama ni alama.

Jumapili, 12 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 13 Novemba

Serikali imetoa sikukuu ya kupanda miti. Mvua imetukataza. Nimelala mchana mzima kama mgonjwa.

Jumatano, 15 Novemba

Mwalimu amepiga simu mwenyewe. Habari zilimfikia Ijumaa ile ile ya mazishi. Siakago hakuna siri.

"Makosa ni yangu," akasema. "Ile alama sikuitunga. Muchangi ni shemeji yangu, ndugu ya marehemu mke wangu. Niliitoa kwa mizinga yake nikampa Ciarunji."

"Bila kumuuliza?"

"Nilikuwa kijana. Na nilijua kwetu hakuna mtu atanunua kitabu."

"Hawakununua?"

"Hata mmoja. Nilikuwa sahihi hadi ulipokuja wewe."

Nilikasirika. Miaka ishirini nimembeba huyu mzee kichwani kama nabii, kumbe ni mtu wa kawaida aliyeiba kitu akatumaini hakitaonekana. Halafu nikakumbuka mhuri wa maktaba na hasira ikaniishia njiani. Sisi wawili tumefanana.

Nikamwambia fonti nimeifuta. Nikasikia mvua ya kwao inapiga bati.

"Yote?"

"Nina ya Oktoba."

"Ile ya kabla e haijapona."

"Ndiyo, hiyo."

"Basi njoo Siakago kwanza," akasema. "Tuongee na mwenye alama. Bila hivyo hata ukimaliza sitaki kuisoma."

Ijumaa, 17 Novemba

Vijitabu saba. Fonti ya siku zote.

Jumanne, 21 Novemba

Carol ameniona nimefungua flashi saa ya chakula. Nilingoja anikatize. Akala muhogo wake hadi ukaisha, akasema, "Fanya kitabu cha mzee. Lakini marehemu wangu usiwaguse." Kumbe ndani ya huyu mwanamke kuna mtu. Nimekaa naye miaka kumi na moja sikujua.

Jumamosi, 25 Novemba

Siakago. Nilifika saa tano, viatu mkononi, maana mto ulikuwa umepanda juu ya barabara na abiria tulivuka tukishikana. Mwalimu Ngari ni mdogo kuliko nilivyofikiri, mtu wa mifupa na sweta la kijani. Alinishika uso kwa mikono miwili akausogeza karibu na jicho lake, kama anavyofanya karatasi. "Haya," akasema, "nimekusoma."

Lydiah akatupeleka kwa Muchangi. Ni mzee mrefu, mkimya, anatengeneza mizinga minne ya magogo chini ya paa la ghala. Gachoki alikuwa ameshafika. Lydiah ndiye aliyemwita. Aliketi mbali na sisi, karibu na mlango, kofia magotini. Nikaiona ile alama kwa macho yangu mara ya kwanza, nyeusi kwenye mti. Kamba yake imelegea zaidi ya yangu. Nilikuwa nimekosea hata hilo.

Nikaomba msamaha, kwa Muchangi na kwa Gachoki. Mwalimu naye akaomba, kwa shemeji yake, na akasimama ili aombe.

Muchangi akasema, "Mzinga ukipotea, tunautafuta kwa alama. Sasa mimi nikikuta alama yangu kwa karatasi ya mtu aliyekufa, nifikirie nini?"

Ni Gachoki aliyezungumza. "Mzee, mimi nataka kitu kimoja tu. Baba aliiba au hakuiba?"

Muchangi aliokota kipande cha nta akakifinyanga.

"Nyuki walihama," akasema. "Walitoka kwangu wakaingia kwa mzinga wa babako. Asali aliyovuna ilikuwa ya mzinga wake. Nilijua wiki hiyo hiyo."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nimeshasema lile lingine."

Gachoki alisimama. Niliogopa. Alitoka akasimama kwenye mvua, tukamwona mgongo tu, kisha akarudi akakaa pale pale. Maji yalimtiririka usoni na hakuyafuta.

"Utasema hivyo kanisani," akasema.

"Nitasema."

"Kesho."

"Kesho," Muchangi akasema, na nilimwona anazeeka hapo hapo mbele yetu, lakini pia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Baadaye, Lydiah alipoleta chai, nikamwambia Muchangi kwamba M yake nitaitoa, nitachora nyingine. Akaangalia karatasi yangu. Akauliza kuna ngapi kitabuni. Nikasema maelfu. Akaguna.

"Kijana akipata mizinga yake," akasema, "anachukua alama ya babake anaongeza mkato mmoja. Hapo watu wanajua ni ya nyumba gani, na wanajua pia si ya mzee."

"Na msichana?" nikauliza.

"Msichana hana mizinga."

"Ciarunji alikuwa nayo," Mwalimu akasema.

"Huyo ulimtunga, Ngari."

"Na nimemtunga na alama yako. Sasa huyu hapa sikumtunga, amevuka mto kwa miguu."

Muchangi alikunywa chai yake yote. Halafu akatoa kisu mfukoni, akaitandika karatasi yangu juu ya mzinga, na kwenye mguu wa kushoto wa ile M akakata kijimkato kidogo, cha mshazari, hadi kisu kikagusa mti.

"Hapo," akasema. "Na hiyo kamba ilegeze."

Jumapili, 26 Novemba

Lydiah anasema Muchangi amesema, mbele ya kanisa zima. Ilichukua dakika mbili. Miaka thelathini, dakika mbili.

Jumanne, 28 Novemba

M mpya imekamilika. Ina mkato, ina kamba iliyolegea. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza na inaniudhi kukubali.

Jumamosi, 2 Desemba

Herufi ndogo kumi na nne. Macho yangu yenyewe sasa yanawasha. Lydiah anasema Mwalimu amemwaga chai mezani akidhani kikombe kipo.

Jumanne, 5 Desemba

Zimebaki herufi sita. Vijitabu vinane. Msimu huu watu wanakufa kwa zamu.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimemaliza. Nimechapa sura ya kwanza, herufi kubwa, karatasi isiyong'aa. Carol alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama, akaniuliza, "Huyu Ciarunji alipanda kweli?" Nikamwambia asome mwenyewe.

Jumanne, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri, na jua limetoka, la kwanza baada ya wiki mbili. Nilifika Siakago saa sita kasoro. Lydiah alikuwa ameshamweka Mwalimu uani, kiti katikati ya mwanga, kwa sababu jicho sasa halioni ndani ya nyumba kabisa. Muchangi alikuwepo pia, anajifanya amepita tu.

Nikampa ukurasa wa kwanza. Akaushika hadi ukagusa pua, akauzungusha kidogo, akapata mwanga. Tukasogea wote. Hata kuku nadhani walisogea.

"Mwaka," akasema. Akapumua. "Ule. Njaa."

Alisoma sentensi ile ya kwanza ninayoijua kwa moyo tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Mwaka ule njaa ilikuja ikitembea kwa miguu, na Ciarunji aliiona ikiwa bado ng'ambo ya mto. Neno moja moja, kama mtu anayevuka mawe. Ilimchukua dakika nyingi. Lydiah alikuwa analia bila sauti, na mimi pia, sioni aibu kuandika.

Alipofika nukta akaishusha karatasi.

"Nani aliandika hivi?"

"Wewe, Baba," Lydiah akasema.

"Njaa haina miguu."

Tukatazamana.

"Nilikuwa na miaka thelathini," Mwalimu akasema, "na sikuwa nimeona njaa. Nimeiona baadaye. Haiji ikitembea. Nkirote, herufi zako hazina kosa hata moja. Naziona zote. Kosa ni la maneno." Akanirudishia ukurasa. "Futa hiyo. Andika: Mwaka ule hatukula."

"Tu?"

"Tu. Halafu nipe tena, nione inayofuata."

Nilitaka kumwambia kwamba nimechoka hadi mifupa. Kwamba kuna kurasa mia na kumi na moja nyuma ya huo, na nilidhani leo ndio mwisho, nirudi nyumbani nilale hadi mwaka mpya. Muchangi alikuwa ananitazama kutoka kivulini, na nikaona anajua nitafanya nini kabla yangu.

Nikamwomba Lydiah kalamu.

Alhamisi, 14 Desemba

Lydiah amepiga simu kabla sijafungua duka. Jicho limezima jana jioni. Mwalimu hana maumivu, amekunywa uji, na anauliza tulikuwa tumefika wapi.

Ukurasa wa pili, nikasema, mstari wa tisa. Mwambie nakuja Jumamosi, nitamsomea.